Kamera ya Apolline Ilivyoacha Kunata

Kibanda changu cha cherehani na kibanda cha Apolline vinatenganishwa na turubai tu, kwa hiyo mambo yake nayajua hata nisipotaka kuyajua. Mimi ni Émérance, Mrundi, fundi wa nguo hapa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi kando ya ziwa, upande wa Mbarara, na kazi yangu hasa ni nguo nyeupe: za arusi, za komunyo, za ubatizo. Apolline ni Mkongomani wa Kivu Kusini, mpiga picha. Ana jina la mtakatifu wetu sisi Wakatoliki lakini anaimba kwaya kwa Wapentekoste, na huimba kwa sauti ya juu kabisa pale ninapopima kiuno cha mtu na kuhesabu kimoyomoyo. Tumegombana miaka mingi, na bado chumvi tunaombana.

Ukitaka kumjua Apolline, tazama mikono yake. Wapiga picha wengine husimama mbali na kuagiza: geuka, inua kichwa, sogea kidogo. Yeye haagizi. Anakujia, anakushika kidevu, anakigeuza anakotaka yeye, ananyoosha kola yako, anakufuta jasho la puani kwa kidole chake mwenyewe, kisha anarudi nyuma na kupiga. Haangalii cheo. Nimemwona akimpanga mke wa mchungaji kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Watu hushtuka mwanzoni, lakini picha ikirudi kutoka mjini Mbarara imechapishwa, kila mmoja anajiona amekaa kama mtu aliyependwa asubuhi hiyo.

Siku moja nilimkanya, nikamwambia si vizuri kushika watu wazima mashavu.

"Émérance," akanijibu, "foto ya bila kugusa mutu haiko foto. Ile ni ajali tu."

Halafu simu zikaenea. Kila kijana akawa mpiga picha, na watu wakaacha kuja kibandani kwake. Apolline hakulia, alichukua jembe akaenda shambani kwenye maharage yake, na kamera akaiweka akiba. Sasa hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa heshima. Kwa akina mama wa kwao, kitu cha thamani mahali pake ni sandukuni, pamoja na vitenge vya sikukuu, na katikati ya vitenge wanatia vidonge vya naftalini ili nondo na mende wasisogee. Basi akaivisha kamera mfuko wa nailoni, akaizungushia kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaimwagia naftalini kwa mkono usio bahili, akafunga sanduku kwa kufuli. Sanduku likakaa miaka kadhaa chini ya bati linalochemka kuanzia saa nne asubuhi. Nondo hawakuigusa, ni kweli. Lakini kamera ile ilikuwa imepakwa juu tabaka laini la mpira, lile linalofanya isiteleze mkononi, na mpira huo ukaanza kuoza taratibu ndani ya giza, joto na harufu ya naftalini.

Aliyemtoa shambani ni Diane, binti wa katekista wetu Herménégilde. Diane alikuwa anaolewa, na alitaka picha za karatasi. Alisema picha za simu zinakufa pamoja na simu. Apolline alifurahi mno. Lakini sanduku alilifungua asubuhi ileile ya arusi, maana hakuona sababu ya kulifungua mapema. Kwake yeye kamera ilikuwa imelala salama.

Ilikuwa inafanya kazi. Ilipiga vizuri kama zamani. Ila ukiishika, ilikushika nayo. Ule mpira ulikuwa umegeuka kama pipi iliyonyonywa ikatemwa, mweusi, unanata, na kila vumbi la Misiera lilikimbilia kukaa juu yake. Apolline aliifunga leso, akatumaini, akaja. Leso ikagandia, akaibandua, akasahau. Furaha ya kazi ikampanda kichwani. Pale nje ya kanisa, mbele ya wageni wote, akamwendea Diane kama alivyozoea, akashika shela kwa mkono mzima na kuinyoosha vizuri begani.

Alipoondoa mkono, vidole vitano vilibaki kwenye shela. Vyeusi, vimepangika, hadi mistari ya ngozi ungeweza kuisoma.

Shela ile niliishona mimi. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo watu wa Misiera wananikumbusha, na maneno niliyoyasema siyarudii hapa kwa sababu tulikuwa uwanjani kwa Bwana. Diane aligeuza shela upande wa pili akatabasamu kwenye picha. Baba yake ndiye aliyekunja uso, na uso ule haukukunjuka.

Watoto wakamwita Apolline Mama Makaa. Wakubwa wakakemea siku ya kwanza, siku ya pili wakacheka, siku ya tatu wakaanza kumwita hivyohivyo. Nilimwona mama mmoja akipita na gauni la komunyo la binti yake mkononi. Alipofika kwenye kibanda cha Apolline akalihamishia bega la pili, kama vile mikono ingeweza kuruka turubai. Nilikuwa bado nimekasirika, tena kwa haki, lakini jambo lile liliniuma. Mtu alichafua shela moja, hakuchafua maisha.

Akaanza vita na kamera. Kwanza aliifuta kwa maji ya sabuni ya mche. Mpira ukavimba ukawa mbaya zaidi. Kisha mtu akamwambia poda ya watoto; akaipaka, ikawa kavu na nyeupe kama iliyoanguka kwenye unga wa muhogo, akashangilia, akaishika dakika mbili jua likiwaka, na ule unato ukarudi pamoja na poda, sasa ukiwa na rangi ya kijivu. Akajaribu mafuta ya taa, kibanda changu kikanuka jiko wiki nzima, na bibi arusi mmoja akaniuliza kama nilikuwa nashona au napika. Akajaribu dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo iling'oa mpira kweli, lakini iling'oa na plastiki iliyo chini. Kona moja ya mgongo wa kamera ikayeyuka, na alama yake iko hadi leo. Akaitupa ile chupa mbali kwa hofu.

Mikono nayo ilibaki myeusi, maana kila alipoishika kamera alijipaka upya. Sabuni, majivu, ndimu, hakuna kilichosaidia. Kanisani kwao aliimba akiwa ameificha nyuma.

Ndipo Diane akarudi. Alikuwa amezaa mtoto wa kike, na ubatizo ulikuwa Jumapili inayofuata. Alikuja kwangu na shela yake ya arusi imekunjwa chini ya kwapa, akataka niikate nimshonee mtoto gauni. Kwanza nilikunja uso, kisha nikaona ni wazo zuri. Halafu akainua sauti ili isikike ng'ambo ya turubai:

"Na picha atapiga Mama Apolline. Nimeshamwambia baba."

Kisha Apolline akatoka, mikono nyuma. Na kabla hajafungua mdomo, Herménégilde mwenyewe akatokea njiani. Alikuwa amemfuata binti yake ili jambo lisiamuliwe bila yeye. Ni mtu mwema, lakini amenyooka kama rula.

"Mama Apolline," akasema, "binti yangu anakutaka weye, na miye sikatai. Utapiga. Lakini utasimama kule, mikono yako ibakie kwako. Mtoto asiguswe. Mutu yeyote asiguswe."

Nilidhani Apolline atakubali. Ningekuwa mimi ningekubali haraka. Yeye akatikisa kichwa.

"Katekista, nikikubali hii leo, nitabaki mutu wa kusimama mbali mpaka nife. Mikono yangu ndiyo kazi yangu. Siku ya Mungu nitakuya na mikono ya safi, nishike batu. Kama haiko safi, sitakuya kabisa, na ile aparei naiuzisha kwa yule wa vyuma chakavu."

Aparei ndiyo kamera, kwa lugha yao, na Siku ya Mungu ni Jumapili. Herménégilde alimtazama, akasema "Tutaona," akaondoka. Diane akamfuata huku akigeuka nyuma kututazama. Nami nikamwambia Apolline kwamba kiburi kitamuua. Akasema heri kiburi kuliko vumbi. Basi nikajua hali ni mbaya, maana Apolline akiwa sawasawa hutukana vizuri zaidi ya hapo.

Siku iliyofuata alikwenda Base Camp, makao makuu ya kambi, kwenye kituo cha afya kwa ajili ya mgongo wake. Pale mlangoni pamebaki chupa ya dawa ya kunawia mikono, ile ya tangu korona. Mlinzi hakuruhusu mtu kupita bila kuikamua. Apolline akakamua, akasugua, akaingia kukaa kwenye benchi. Alipotazama viganja vyake, weusi ulikuwa unajiviringa vipande vidogovidogo na kudondoka kama uchafu wa kifutio. Chini yake ilikuwa ngozi. Ngozi yake mwenyewe, ya rangi yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaiona muda mrefu. Akainuka kwenye foleni bila kumwona daktari. Mgongo ukapona palepale, alivyoniambia, au alisahau kuuliza kama unauma.

Alimuuliza nesi kitu gani kiko ndani ya ile chupa. Nesi akamwambia: spiriti, pamoja na maji na kitu cha kuifanya iwe nzito. Apolline akafikiri njia nzima. Kinachotoa uchafu ule mikononi kitautoa na kwenye kamera. Lakini maji na uzito hakuvitaka karibu na mashine. Alitaka spiriti yenyewe, kavu. Akakumbuka kwamba aliwahi kuona fundi wa simu huko Ruti, Mbarara, akiosha tumbo la simu iliyoanguka majini, na ule umaji wake ulikauka kabla hajamaliza sentensi.

Kesho yake alfajiri alikwenda. Fundi yule anaitwa Yonatani, Mnyankore, mwenyeji wa huku, kila mwanamke humwita nyabo, yaani mama, na ana meza yake kando ya barabara ya Kabale. Apolline alinisimulia mazungumzo yao akiyaigiza, na mimi nayaandika nilivyoyasikia.

"Nyabo, hii spiriti wewe nataka ya nini?" Yonatani akauliza, ameikumbatia chupa.

"Ya kupangusa kitu."

"Kitu gani? Hii hapana ya kukunywa. Mtu moja hapa Ruti alikunywa, tumbo yake iliharibika kabisa."

"Kunywa! Miye niko mwimbaji wa kwaya!"

"Hata yule alikuwa na Bibilia, nyabo."

Apolline akakasirika, akaitoa kamera kwenye mfuko na kumwekea mkononi. Yonatani akaishika, na ikamshika. Alipojaribu kuiweka mezani ikaja na kidole chake. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mteja mwenye simu iliyopasuka akaja kuuliza kuna nini. Mwisho Yonatani akamjazia chupa.

"Kale, sawa. Lakini hapana mwaga juu ya mashine. Mwaga kwa kitambaa. Na betri toa kwanza."

Aliporudi Misiera ilikuwa Ijumaa mchana. Alikuja moja kwa moja barazani kwangu kwa sababu kuna hewa, akaweka chupa na kamera kwenye meza yangu ya kukatia, bila kuomba ruhusa. Nikaanza kulalamika. Akanikatiza: "Ondosha pasi yako!" Mimi hutumia pasi ya makaa, na ilikuwa inawaka pembeni. Akanieleza jinsi ile spiriti inavyopenda moto, nikaibeba pasi mbiombio hadi nyuma ya kibanda. Sijawahi kumtii upesi hivyo.

"Sasa nipe vitambaa. Vyeupe."

Nikampa mabaki ya pamba ya nguo za komunyo. Mkononi nilikuwa pia na kipande cha shela ya Diane, kile chenye vidole vitano, ambacho nilikikata nikitenge kisiingie kwenye gauni la mtoto. Apolline alikiona. Akanyoosha mkono.

"Tuanze na ile nilichafua."

Akakitandika juu ya pamba kavu, akalowesha kitambaa kingine kidogo, akaanza kugongagonga kwa utaratibu, bila kusugua. Weusi ukahama. Ulitoka kwenye shela ukashuka kwenye pamba ya chini, kidole cha mwisho kikaondoka, cha pete kikaondoka, cha kati, cha shahada. Kidole gumba kilibaki kama kivuli, lazima ukijue ndipo ukione. Tulikitazama wote wawili. Nikamwambia, "Mjinga wewe, ungeanza na hiki tangu mwaka jana." Ndivyo ninavyofurahi mimi.

Ndipo akaigeukia kamera. Akatoa betri, akatoa kadi, akafunika kioo, akaziba matundu kwa solotepu. Akalowesha kitambaa, akakibana kwenye mgongo wa kamera mahali padogo tu, akasubiri kidogo, akafuta. Kitambaa kikatoka cheusi tii. Akageuza upande msafi, akafuta tena pale pale, hakwenda mbele mpaka pawe pamekwisha. Mpira uliokuwa mnene alikwangua kwa kadi ya zamani ya simu, maana chuma kingechuna. Kwenye mifereji na kuzunguka vitufe alitumia kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha na kukivisha uzi wa pamba. Ukipita mkono wangu kumsaidia anaupiga. Alipokuwa akifuta, maandishi madogo ya vitufe yakafutika pamoja na mpira, kwa kuwa yaliandikwa juu yake. Nikapiga ukelele. Yeye akacheka.

"Vidole vyangu vinajua kila kitu fasi yake," akasema, yaani mahali pake.

Akaendelea. Aliimba, bila shaka. Na chini ya ule uchafu ikaanza kutokea plastiki ngumu, nyeusi, inayong'aa, kavu, ambayo hatukujua iko pale. Kamera ilikuwa nzima muda wote. Kilichooza ni koti lake tu.

Jua lilipoanza kulegea akachukua kitambaa cha mwisho, cheupe, hakikuwahi kuguswa, akakilowesha na kuizungushia kamera yote, akakamua kwa mikono miwili kwa nguvu kama anakamua nguo. Akakifungua. Kilikuwa cheupe. Akanipa mimi nikikague, kwa kuwa weupe ni mambo yangu. Nikakipeleka juani, nikakigeuza, nikakinusa. Nikamwambia, "Huu ni weupe." Akakaa chini barazani na kulia, na mimi nikaenda kurudisha pasi ili asinione.

Kile kipande cha shela nilikishona kwenye gauni la mtoto, kwa mbele, kifuani. Hapakuwa mahali pake kwenye mpango wangu. Nilibadilisha mpango.

Jumapili, misa ilipokwisha, watu walitoka wakajipanga uwanjani, na habari ilikuwa imezunguka. Misiera nzima ilikuja kutazama mikono. Kuna waliotega simu zao tayari, ili Mama Makaa akichafua mtoto wamrekodi. Apolline alisimama katikati na kitenge chake kilichonuka naftalini, kamera imeshikwa kwa mikono miwili, kiganja chote, bila leso. Jua lilikuwa kali. Aliishika hivyo makusudi wakati Herménégilde anamaliza kusalimia wageni, na kila mtu aliona jasho likimtiririka viwikoni.

Herménégilde akafungua mdomo kukumbusha masharti. Diane hakumpa nafasi. Alikatiza uwanja na mtoto wake mwenye gauni jeupe, akafika mbele ya Apolline na kusema, "Mama, mushike kwanza. Halafu utupange."

Apolline akaiachia kamera ining'inie shingoni. Akapokea mtoto. Mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine ukamlalia kifuani, juu ya kile kipande changu cha shela, vidole vyote vitano vimetanuka. Akamshika hivyo, hakuwa na haraka. Kisha akamrudisha kwa mama yake na kuinua viganja vyake juu.

Diane akamwinua mtoto watu waone. Gauni lilikuwa jeupe. Mimi nilikuwa nimeshasogea karibu kuliko wote, nikalikagua kwa macho ya fundi, nikageuka na kupiga kigelegele ambacho naamini kilifika ziwani. Akina mama wakakipokea. Mtu akaita "Mama Foto!", jina lake la zamani, na mwingine akaitika, na simu zile zilizotegwa zikaanza kurekodi kitu kingine.

Apolline hakungoja kelele zipoe. Aliingia kazini. Akashika mashavu ya wazazi wa ubatizo, akavuta sketi ya shangazi, akamgeuza babu mmoja mabega yote mawili. Akapanga safu nzima, kila mtu kwa mkono, kila mtu amevaa nyeupe au karibu na nyeupe, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Akasogea akainua kamera jichoni. Halafu akaishusha, kwa sababu mtu mmoja alikuwa bado amesimama pembeni, nje ya picha.

Herménégilde alikuwa na kanzu yake nyeupe ya katekista, ile ndefu, ambayo huifua mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu. Alitembea taratibu hadi mwisho wa safu, akasimama. Kola yake ilikuwa imekunjika upande, na alijua imekunjika, maana aliigusa kisha akaiacha.

"Mama Foto," akasema, "umenisahau miye. Nipange."

Apolline akamwendea. Akakamata kola kwa mkono mzima, akaivuta, akailaza. Akamshika kidevu na kukiinua kidogo, kisha akarudi nyuma na kupiga.